Nina magari matatu Makambako: niombe zabuni ya kusambaza dawa za serikali?

"Habari za kazi, mtaalamu. Niko Makambako, nina Fuso mbili na Canter moja. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipeleka viazi na mbao Dar es Salaam. Sasa nimeona tangazo la taasisi ya serikali inayotafuta wasafirishaji wa kusambaza dawa na vifaa tiba kwenye zahanati na vituo vya afya vya wilaya zetu, mkataba maalum wa mwaka mmoja. Kaka yangu anasema nikope benki niongeze Fuso nyingine, eti kazi ya serikali ni ya uhakika. Rafiki yangu anasema nisithubutu: yeye alibebea taasisi moja mzigo mwaka jana na hadi leo analipwa vipande vipande. Na kuna mtu amenipigia simu akisema bila kumwona bosi nisijisumbue. Nina miaka 33, nimesikia vijana wana asilimia 30 yao. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, ninavyokusoma, hukosi usingizi kwa kuogopa kuikosa zabuni hii. Unaogopa kuipata, kisha ikakumaliza. Hofu hiyo ina msingi, na nitaieleza kwa kirefu kuliko mengine yote. Jibu langu ni kwamba uombe. Ila omba wilaya moja tu, kwa magari uliyo nayo leo, na usikope kununua gari jingine kwa sababu ya tangazo.

Tumalizane kwanza na aliyekupigia simu. Tangu Oktoba 2023 zabuni za umma Tanzania Bara zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, imesimama juu ya mfumo huo. Unajisajili mwenyewe, unaisoma zabuni mwenyewe, unapakia nyaraka zako mwenyewe, na bei yako haifunguliwi hadi muda wa mwisho upite. Mfumo unasomana na TRA ya kodi, BRELA inayosajili biashara, na NIDA ya vitambulisho vya taifa. Sitakwambia rushwa imekwisha, kwa sababu haijaisha. Lakini mtu anayepiga simu kabla zabuni haijafungwa mara nyingi hana mkono wowote ndani. Anawapigia waombaji wengi, anachukua hela kwa kila atakayeingia mtegoni, na yule atakayeshinda kwa haki yake ataamini kuwa amesaidiwa. Piga TAKUKURU, namba 113, haina gharama. Ukimlipa, na wewe umetenda kosa, na kampuni yako inaweza kufungiwa kushiriki zabuni za umma.

Kinachowaangusha wasafirishaji wa ukubwa wako ni karatasi, na inaniuma kila ninapokiona, kwa sababu wengi wao wanaijua barabara kuliko walioshinda. Kadi ya gari ina jina la kaka, zabuni imeombwa kwa jina la kampuni, na hakuna mkataba wa kukodi gari unaounganisha hayo mawili. Leseni ya usafirishaji ya LATRA imeisha wiki mbili zilizopita. Gari lina bima ndogo, wakati nyaraka za zabuni zimetaka bima kubwa pamoja na bima ya mzigo safarini. Kikwazo kikubwa zaidi ni uzoefu: umebeba viazi miaka yote hiyo kwa makubaliano ya mdomo, na kamati ya tathmini haiwezi kukupa alama kwa jambo ambalo halijaandikwa. Hilo unaweza kulirekebisha wiki hii. Waendee wateja wako wa mbao wenye biashara zilizosajiliwa, waombe barua inayotaja kipindi ulichowabebea, njia na aina ya mzigo, na uambatanishe ankara zako za nyuma. Kama hukuwahi kutoa ankara, anza leo.

Kuhusu asilimia 30, ni kweli sheria inazitaka taasisi nunuzi kutenga sehemu hiyo ya ununuzi wao wa mwaka kwa makundi maalum, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Lakini haina maana kwamba kila zabuni ina fungu la vijana. Zabuni iliyotengwa hutajwa hivyo kwenye tangazo lake, na kundi linapaswa kuwa limesajiliwa kwa utaratibu wake ndani ya NeST. Umri wako peke yake hautoshi. Nenda halmashauri, umwone afisa maendeleo ya jamii, akueleze. Zabuni uliyonitajia inaonekana ni ya kawaida, hivyo jiandae kushindana na wote.

Sasa kaka yako. Anaposema kazi ya serikali ni ya uhakika, nadhani ameusikia mkataba wa mwaka mmoja akauona kama mshahara wa mwaka mmoja. Mkataba maalum haufanyi kazi hivyo. Taasisi inapoingia mkataba maalum na wewe, mnakubaliana bei na masharti, basi. Kiasi cha mzigo kinachoandikwa ni makadirio. Mara nyingi wasafirishaji kadhaa huwekwa kwenye orodha moja, na taasisi inaita yule inayemhitaji pale inapomhitaji. Kinachokupa kazi halisi, na haki ya kudai malipo, ni oda ya kila safari au ya kila mzunguko. Unaweza kuwa na mkataba uliosainiwa kabatini na ukakaa miezi bila kupigiwa simu, na hakuna aliyevunja mkataba. Kwa hiyo ukikopa kununua Fuso kwa kuutegemea, benki itakudai kila mwezi wakati mzigo unakuja kwa vipindi.

Na dawa kweli huja kwa vipindi. Bohari ya Dawa, MSD, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, inapeleka mzigo kutoka maghala ya kanda hadi mlangoni pa vituo kwa mizunguko, siku hizi kila baada ya miezi miwili. Vituo vinaagiza, ghala linapakia kwa kila kituo, kisha magari yanatoka karibu yote kwa pamoja. Taasisi nyingine zinazosambaza vifaa vya afya, vitabu au pembejeo zina mwendo unaofanana. Utakuwa na wiki mbili za kukimbia usiku na mchana, halafu kimya. Ndiyo maana nasisitiza usiwaage wateja wako wa viazi. Wao wanalipa mzigo ukishuka, na fedha yao ndiyo itakayokulisha unaposubiri fedha ya serikali.

Hapo tunafika kwa rafiki yako, ambaye hajakudanganya, ila hakukueleza kilichompata. Ngoja nikuonyeshe njia ambayo malipo yako yatapita, maana ukiijua utaona ni wapi yanakwama.

Serikali inaanza mwaka wake wa fedha tarehe 1 Julai na kuufunga tarehe 30 Juni. Taasisi ina bajeti, lakini bajeti ni ruhusa ya kutumia, na fedha yenyewe huingia kidogo kidogo. Inapotaka huduma yako, inapaswa kutoa LPO, yaani ile oda rasmi ya kazi, kutoka kwenye mfumo wake wa malipo, ambao kwa wizara, halmashauri na taasisi nyingi ni MUSE. LPO ikitoka kwenye mfumo, maana yake kuna kifungu cha bajeti kilichofungwa kwa ajili yako. Unabeba mzigo, unakabidhi, hati za makabidhiano zinasainiwa. Unawasilisha ankara, risiti ya EFD na hati hizo. Idara iliyohitaji huduma inathibitisha kuwa imetolewa, mhasibu anaandaa malipo, yanaidhinishwa, yanaingia benki kwako.

Fedha hukwama mahali pachache. Pa kwanza ni mwanzoni kabisa: umepigiwa simu Ijumaa jioni, "tusaidie, mzigo ni wa dharura, LPO utaikuta Jumatatu." Ukabeba. Jumatatu kifungu hakina fedha, au afisa aliyekupigia amehamishwa. Sasa una deni lisilo na karatasi, na hakuna mhasibu mwenye akili timamu atakayeligusa. Rafiki yako muulize swali hili moja: alikuwa na LPO ya mfumo kabla hajawasha gari? Pa pili ni hati za makabidhiano, nitazirudia hivi punde. Pa tatu ni mwisho wa mwaka. Kazi ya Mei na Juni isiyolipwa hadi 30 Juni inaweza kugeuka malimbikizo ya deni, na malimbikizo lazima yahakikiwe na wakaguzi kabla ya kulipwa kutoka bajeti ya mwaka mwingine. Deni halipotei, ila linangoja, na wewe dizeli umeshalipa. Ukipata mzigo wa Mei, peleka ankara siku ileile gari linaporudi.

Sasa piga hesabu ya kungoja, ambayo karibu hakuna anayeipiga. Natoa mfano, wewe weka tarakimu zako. Tuseme mzunguko mmoja ni safari 20, na kila safari inakugharimu shilingi 700,000 za dizeli, dereva, utingo, matairi na matengenezo. Hiyo ni milioni 14 zilizotoka mfukoni mwako. Kama malipo ya mzunguko wa kwanza hayajaingia unapoanza wa pili, utakuwa umeweka nje milioni 28. Ukianza wa tatu kabla hujalipwa chochote, milioni 42. Faida iliyo kwenye bei yako haikusaidii hapo hata kama ni nono, kwa sababu bado ipo kwenye makaratasi. Wasafirishaji wengi ninaowafahamu walioumia kwenye kazi za serikali walikuwa na bei nzuri na mkataba halali. Waliishiwa dizeli.

Juu ya hilo kuna kodi. Taasisi kwa kawaida huzuia asilimia 5 ya malipo ya huduma kama kodi ya zuio; dai cheti chake kila mara, maana hiyo ni kodi yako uliyotanguliza na itapunguzwa kwenye hesabu ya mwaka. Ukipoteza vyeti, umelipa mara mbili. Mauzo yako yakifika shilingi milioni 200 kwa mwaka unatakiwa kusajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na hapo asilimia 18 inaanza kudaiwa ulipotoa ankara, hata kama hujalipwa. Ritani inawasilishwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kaa na mhasibu kabla ya kujaza bei, baada ya hapo utakuwa umechelewa.

Nirudi kwenye hati za makabidhiano, ambazo kwa maoni yangu ndizo kazi yenyewe. Ulipobeba viazi, mnunuzi aliangalia magunia, akakulipa. Kwenye dawa, anayekulipa hatauona mzigo ukishuka. Yuko ofisini, na anachoweza kukiona ni karatasi iliyosainiwa na mganga mfawidhi wa zahanati, mara nyingi mbele ya mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo, ikionyesha idadi ya maboksi, tarehe, na hali ya mzigo. Sahihi ikikosekana kwenye kituo kimoja kati ya kumi na tano, ankara nzima inaweza kurudishwa. Boksi likipungua na dereva wako hakuandika upungufu huo palepale, mbele ya mpokeaji, utakatwa wewe. Kwa hiyo dereva unayemtuma lazima ajue kusoma orodha, kuhesabu kwa utulivu huku wakimharakisha, kuandika "boksi moja limelowa" bila woga, na kukataa kuondoka bila mhuri. Dereva hodari wa usukani asiyejali karatasi mrudishe kwenye viazi. Piga picha kila hati kabla gari halijaondoka kituoni, zifike kwako kwa simu siku hiyohiyo.

Na kuna jambo ambalo nakuomba ulichukue kwa uzito kuliko fedha. Dawa ya oksitosini, inayotumika kuzuia mama asivuje damu nyingi baada ya kujifungua, hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Ikikaa kwenye joto inapoteza nguvu, na kwa macho inabaki vilevile. Muuguzi wa zahanati ya Ludewa ataichoma akiamini inafanya kazi. Chanjo kadhaa, kama ile ya pepopunda, zinaharibiwa pia na kuganda, hivyo kuzijaza barafu kiholela si kuzilinda. Fuso yako yenye turubai haifai kubeba mzigo wa ubaridi, na nyaraka za zabuni zikiuchanganya na mzigo wa kawaida, uliza swali la ufafanuzi kupitia NeST kabla ya muda kwisha. Usiseme ndiyo kwa matumaini. Hata mzigo usiohitaji ubaridi unataka bodi safi na kavu: gari lililoshusha mbolea au mafuta jana halibebi dawa leo, na turubai linalovuja libadilishe kabla ya Novemba.

Bei ijenge kwa njia, usiigawe kwa kilomita pekee. Barabara kuu ya Makambako hadi Njombe haina ugomvi. Lakini njia za vijijini Makete wakati wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, siku moja inageuka tatu. Baadhi ya vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Ludewa hufikiwa kwa boti, na gharama ya boti na wabebaji lazima iwe ndani ya bei yako, la sivyo utaitoa mfukoni kila mzunguko. Angalia pia uzito dhidi ya nafasi: dripu ni nzito, zitagonga kikomo cha ekseli huku nusu ya bodi ikiwa tupu, pamba na bandeji zitajaza bodi kabla hujafika tani mbili. Ukilipwa kwa tani, mzigo wa pamba utakuumiza. Hesabu safari ya kurudi tupu. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei mpya za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mikataba mifupi kwa kawaida hairuhusu bei yako kupanda nayo. Tafuta kipengele cha marekebisho ya bei kwenye mkataba. Kisipokuwepo, weka akiba ndani ya bei.

Huenda utajiuliza juu ya mahindi ya NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, kwa kuwa Makambako kuna kanda yake. Kwa magari yako sikushauri uanze huko ukiwa peke yako. Ni kazi ya malori makubwa yenye tela, ambayo kikomo chake cha uzito wa jumla Afrika Mashariki ni tani 56, na bei kwa tani huwa nyembamba. Mahindi hupimwa yanapopakiwa na yanaposhushwa, na pengo ni lako. Yakilowa njiani yakazidi unyevu wa asilimia 13.5, yanaweza kukataliwa.

Kwa hiyo njia zako naziona hivi. Ukiomba mwenyewe, chagua fungu dogo kabisa linaloruhusiwa, wilaya unayoijua kwa giza na mwanga. Utapata bei kamili, na mwaka ujao utakuwa na uzoefu ulioandikwa. Utabeba pia hatari yote. Ukiungana na wasafirishaji wengine wawili kwa ubia, mtagawana mtaji wa kungoja, na hiyo naipenda kwa watu wa ukubwa wako, mradi makubaliano yaandikwe: nani anapokea fedha, kwa akaunti ipi, zinagawanywa lini. Ubia huvunjika kwenye akaunti ya benki, barabarani huwa wanaelewana. Njia nyingine ni kubeba chini ya kampuni kubwa iliyoshinda. Bei itakuwa ndogo, na baadhi ya kampuni hizo hukulipa zikilipwa, hivyo umengoja vilevile kwa faida pungufu. Ikubali tu kama wameandika siku za malipo. Na kutoomba mwaka huu pia ni uamuzi wa heshima, kama hesabu yako inaonyesha huwezi kukaa na mizunguko miwili nje bila kuuza gari.

Mkopo nao una nafasi yake. Benki kadhaa hapa nchini hukopesha kwa kuangalia LPO: unapeleka oda uliyopewa, wanakupa sehemu ya thamani yake, malipo yakiingia wanakata chao. Mkopo huo unazaliwa na kazi iliyopo na unakufa nayo. Riba si ndogo, iweke kwenye bei. Lakini nenda kuongea na benki kabla ya kuomba zabuni, ujue wanakubali LPO za taasisi gani, maana hata wao wanawajua walipaji wagumu. Hiyo peke yake ni taarifa nzuri sana kwako.

Kuna mambo ambayo huwezi kuyamaliza kwa maandishi ya mtandaoni. Mkataba ukifika, kabla hujasaini mpelekee wakili, au mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, akusomee vipengele vya siku za malipo, riba ya ucheleweshaji, fidia ya kuchelewesha mzigo, na nani anabeba hasara gari likipinduka. Suala la VAT na kodi ya zuio lipeleke ofisi ya TRA ya mkoa ukiwa na nyaraka zako. Ukiona umeenguliwa bila haki, malalamiko yanaanzia kwa afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, kupitia NeST, kisha Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma. Siku za kulalamika ni chache na hazisubiri, hivyo tafuta msaada siku ileile unapopata taarifa ya kusudio la kumpa zabuni mwingine. Na malipo yakipitiliza siku zilizoandikwa kwenye mkataba, usibaki kumpigia simu mhasibu. Mwandikie barua afisa masuuli, ambatanisha LPO, ankara na hati za makabidhiano, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa masijala.